Safari moja, tiketi tatu: namna wasafiri wa treni Uingereza wanapunguza bei bila kuvunja sheria

Watu wawili wanapanda treni moja katika muji wa Sheffield, kaskazini ya Uingereza. Wanaketi kiti kwa kiti, wanapita vituo vile vile, na wanashuka pamoja Norwich, upande wa mashariki, kisha karibu masaa mane. Hakuna aliyeshuka njiani. Lakini mumoja amelipa pesa mingi kupita mwenzake, na hakuna aliyeiba kitu. Wa kwanza alikata tiketi moja, Sheffield mpaka Norwich. Wa pili alikata tatu: ya kwanza Sheffield mpaka Nottingham, ya pili Nottingham mpaka Peterborough, ya tatu Peterborough mpaka Norwich. Treni ni ile ile, kiti ni kile kile.

Huku kwetu jambo hili linashangaza, juu watu wamezoea kinyume chake. Mama anayenunua mufuko muzima wa unga anapata bei nafuu kuliko yule anayenunua kopo kwa kopo. Barabarani pia, anayekatakata safari, moto hapa na taksi pale, kwa kawaida anamaliza siku akiwa ametosha franga mingi kuliko aliyepanda gari moja mpaka mwisho. Kwenye treni za Uingereza, mara mingi (si kila mara) rejareja ndiyo inashinda jumla.

Habari hii inagusa familia za huku kuliko mutu anavyoweza kuwaza. Kuanzia mwaka 2004 mpaka 2020, serikali ya Uingereza ilikuwa na programu moja iliyoitwa Gateway, ya kupokea wakimbizi kutoka kambi za inchi mbalimbali. Wakongomani wengi walipita katika mulango huo. Waliwekwa Sheffield, Hull, Bradford, Norwich, na wengine Motherwell, kule Uskochi. Kati yao kuko waliotoka katika kambi za Zambia. Waliofika kwa njia yao wenyewe na kuomba ukimbizi, nao, sheria ya mwaka 1999 inaruhusu serikali kuwapa nyumba, lakini si wao wanaochagua muji. Matokeo ni kwamba dada anakaa Norwich, kaka yake Sheffield, mujomba Manchester. Harusi, ubatizo, matanga, kumuona mugonjwa, yote inadai safari. Na kila paundi inayobaki gishe ya treni ni paundi ambayo haitafika kwa mama aliyebaki nyumbani.

Wengi wanajua njia moja tu ya kulipa kidogo: kununua mapema. Ni kweli, kuko tiketi za bei ya chini zinazoitwa Advance, zinazouzwa siku mingi mbele ya safari, kwa kawaida karibu wiki 12 mbele, na kila moja inafungwa kwa treni moja ya saa moja. Anayepanga likizo anaweza kungojea hizo. Lakini matanga haitangazwi wiki 12 mbele. Mutu anapigiwa simu siku ya tano usiku, siku ya posho lazima awe kule. Kwa yule wa haraka, tiketi ya bei ya chini imekwisha isha, na inayobaki ni ile ya kutisha. Ni hapo kugawa tiketi kunasaidia zaidi.

Bei inatoka wapi

Mutu asiyejua anaweza kuwaza kwamba bei ya treni inafuata kilomita. Zamani ilikuwa hivyo: hesabu maili, zidisha, lipa. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya serikali, British Rail, iliacha hesabu hiyo, ikaanza kuweka bei kufatana na soko. Kama njia fulani iko na wafanya biashara wengi ambao wakubwa wao ndio wanalipa, bei inapanda. Kama njia ingine inapita kwenye miji midogo na wasafiri ni wachache, bei inabaki chini kusudi watu wapande.

Kisha ikakuja sheria ya mwaka 1993 iliyogawa treni kwa kampuni za watu binafsi. Tangu hapo, kwa kila vituo viwili, tuseme Nottingham na Peterborough, kuko kampuni moja iliyopewa kazi ya kuweka bei kubwa za kati ya vituo hivyo. Kampuni ingine inaweka bei ya vituo vingine viwili. Hawakai meza moja kupatanisha hesabu, hivi kwamba bei ya kipande na kipande ikijumlishwa itoe bei ya safari nzima. Uingereza iko na vituo zaidi ya 2,500, na kila kituo kinaweza kuunganishwa na vingine karibu vyote. Mwaka 2018, shirika linalounganisha kampuni za treni, Rail Delivery Group, lilisema wazi kwamba ndani ya mutambo wa bei kuko bei mbalimbali karibu milioni 55. Milioni 55! Hata anayeuza gishe hawezi kuzijua.

Tena, bei zote hazilindwi na serikali kwa namna moja. Karibu asilimia 45 ni bei ambazo serikali inawekea kikomo, sana sana tiketi za abonema za wafanyakazi na tiketi nyingi za kwenda na kurudi nje ya saa za msongamano. Zingine kampuni inapandisha vile inaona. Kwa miaka karibu 30 bei moja imeshikwa na kamba na jirani yake imeachiwa, kwa hiyo nafasi kati yao imepanuka. Anayegawa tiketi anapita katika nafasi hiyo.

Siku hizi serikali inarudisha kampuni moja kwa moja mikononi mwake, kufatana na sheria ya mwaka 2024. Ya kwanza chini ya sheria hiyo ilikuwa South Western Railway, mwezi wa tano 2025. Lakini kubadilisha mwenye treni haibadilishi kitabu cha bei. Zile tofauti za zamani bado ziko ndani.

Saa tatu na nusu

Kati ya sababu zote zinazofanya kugawa kulete faida, ile ya saa ndiyo inafaa kueleweka vizuri, kwa sababu ndiyo inasaidia hata mutu aliyeamua safari asubui ile ile.

Uingereza wanagawa siku mara mbili. Kuko saa za msongamano, wakati watu wanaenda kazini, na kuko saa zingine. Tiketi ya saa yoyote inaitwa Anytime, na ndiyo kali. Ile ya kupita msongamano inaitwa Off-Peak. Katika miji mikubwa, mara nyingi mupaka wa asubui ni saa tatu na nusu, ile inayoandikwa 09:30 kwenye tiketi, lakini kila njia iko na mupaka wake na lazima kuuangalia.

Sasa tuseme treni inatoka Sheffield mbele ya saa tatu na inafika Nottingham kisha saa tatu na nusu. Mwenye tiketi moja anahesabiwa kwa saa aliyoanzia. Ameanza ndani ya msongamano, basi analipa bei ya msongamano mpaka Norwich, hata kama sehemu kubwa ya safari anaifanya saa ine, saa tano, wakati treni iko nusu tupu. Mwenye tiketi tatu analipa bei ya msongamano mpaka Nottingham tu. Kutoka pale, tiketi yake ya pili inaanza kuhesabiwa kwa saa ambayo treni inatoka Nottingham, na saa hiyo msongamano umeisha.

Hesabu ya mufano (tarakimu hizi ni za kuelewesha tu, bei za kweli zinabadilika): tiketi nzima ni paundi 90. Kipande cha kwanza ni 18, cha pili 22, cha tatu 24. Jumla 64. Mutu ameokoa paundi 26 akiwa ameketi pale pale. Bwana na bibi wakisafiri pamoja ni 52.

Sababu ingine ni zile tiketi za Advance zenyewe. Kampuni inaweka idadi ndogo ya tiketi za bei ya chini kwa kila kipande cha njia. Inawezekana kwamba za Sheffield mpaka Norwich zimekwisha, lakini za Peterborough mpaka Norwich zimebaki, juu hakuna mutu aliyezitaka. Anayetafuta safari nzima anaambiwa imekwisha. Anayetafuta kwa vipande anaikuta.

Na mara ingine hakuna sababu ya saa wala ya idadi, ni bei tu zisizopatana. Mufano unaojulikana sana ni njia ya kutoka London, kituo cha Paddington, kwenda Bristol. Miaka mingi wasafiri wamekuwa wakigawa tiketi yao Didcot, muji mudogo ulio katikati ya njia, na kupata jumla ya chini. Wafanya biashara wanaenda Bristol. Didcot ni ya watu wanaorudi nyumbani. Bei inajua tofauti hiyo hata kama reli haiijui.

Sheria inasema nini

Swali la kwanza ambalo mukongomani yeyote anauliza ni hili: “Hii haitaniletea matatizo?” Ni swali zuri, sana sana kwa mutu ambaye makaratasi yake ya kukaa bado yanachunguzwa na ambaye hataki jina lake liandikwe popote. Jibu ni kwamba inaruhusiwa. Masharti ya kusafiri kwa treni za Uingereza, National Rail Conditions of Travel, yanasema waziwazi kwamba musafiri anaweza kutumia tiketi mbili ao zaidi kwa safari moja. Si ujanja wa kificho. Kontroleri anaona tiketi tatu kila siku.

Lakini kuko sharti moja, na ndilo linakamata watu: treni lazima isimame katika kituo ambamo tiketi moja inaisha na ingine inaanza. Si lazima kushuka. Si lazima hata kusimama kwenye kiti. Lakini treni yenyewe lazima isimame pale. Treni ya kutoka Liverpool kwenda Norwich, ile inayopita Manchester na Sheffield, inasimama Chesterfield, Nottingham, Grantham, Peterborough, Ely, Thetford. Ni treni ya kugawanyika sana. Kwenye njia ya Bristol, kinyume chake, treni zingine zinapita Didcot bila kusimama. Aliyegawa Didcot kisha akapanda treni isiyosimama pale, tiketi zake mbili hazifai kwa safari hiyo, hata kama amelipa zote mbili. Kontroleri anaweza kumuuza tiketi mupya ya safari nzima ao, Uingereza, kumupa amande ya paundi 100 pamoja na bei ya tiketi ya kwenda tu. Amande hiyo inashuka mpaka 50 ikilipwa ndani ya siku 21. Faida yote ya kugawa imekwenda, na zaidi.

Kuko tofauti moja kwa mwenye tiketi ya abonema, ya wiki, ya mwezi ao ya mwaka. Huyu akiongezea tiketi ya kuanzia pale abonema yake inaisha, treni haihitaji kusimama kwenye kituo cha kati. Mufanyakazi mwenye abonema kati ya muji wake na kazini anaweza kuitumia hata siku ya posho, akaongeza kipande kilichobaki tu. Wengi wanasahau jambo hili na kununua tiketi nzima juu ya abonema ambayo wamekwisha lipia.

Watu wanachanganya pia kugawa tiketi na ujanja mwingine: kununua tiketi ya Advance ya kwenda mbali kwa sababu ni ya bei ya chini, kisha kushuka mbele ya kufika. Hiyo hairuhusiwi na tiketi za Advance. Kugawa ni kulipa kila hatua ya njia, moja kwa moja, bila shimo katikati. Mwenye tiketi ya Sheffield–Nottingham na ya Grantham–Norwich hajalipa kati ya Nottingham na Grantham, na hapo iko na kosa.

Namna ya kuzipata

Mutu akitaka kutafuta kwa mukono wake, njia ni kuangalia orodha ya vituo ambamo treni yake inasimama, kisha kujaribu bei kwa kila kituo kikubwa. Inachosha. Ndiyo maana kuko programu zinazofanya kazi hiyo: TrainSplit, Split My Fare, na Trainline ambayo tangu 2020 iko na kitu inachoita SplitSave. Unaandika unapotoka, unapokwenda na saa, yenyewe inajaribu mamia ya namna na kukuonyesha ile ya chini.

Programu hizi si za huruma. Zingine zinakata sehemu ya pesa uliyookoa, zingine zinaongeza ada ya kuuza. Si ubaya, wamefanya kazi. Lakini anayetaka kubakisha yote anaweza kuangalia kule vituo vya kugawia, akaviandika kwenye karatasi, kisha akanunua tiketi hizo moja moja kwa kampuni ya treni yenyewe, ambayo haiongezi ada. Dakika kumi za kazi.

Kuko pia karte za kupunguziwa, Railcard. Tangu mwezi wa tatu 2025 nyingi zinauzwa paundi 35 kwa mwaka, na kawaida zinapunguza sehemu moja kwa tatu ya bei. Kuko ya vijana wa miaka 16 mpaka 25, ya wa 26 mpaka 30, ya wazee kuanzia miaka 60, ya watu wawili wanaosafiri pamoja, na ya familia. Ile ya familia inafaa nyumba za kikongomani kuliko zote: wakubwa wanapunguziwa moja kwa tatu, na watoto wa miaka 5 mpaka 15 asilimia 60. Watoto walio chini ya miaka mitano hawalipi. Karte inaweza kutumika juu ya tiketi zilizogawanywa, kwa hiyo faida mbili zinabebana.

Lakini hapo pia kuko mutego. Karte zingine, kama zile za vijana, asubui za siku za kazi ziko na kiwango cha chini ambacho tiketi haiwezi kupita, hata na punguzo. Mutu akivunja safari kuwa tiketi ndogo ndogo nyingi, kila kimoja kinaweza kugonga kiwango hicho, na punguzo linapotea kipande kwa kipande. Saa za asubui, mwenye karte hiyo anapashwa kufanya hesabu mara mbili, ya tiketi nzima na ya vipande.

Pale inageuka hasara

Kugawa si dawa ya kila safari. Kwa safari fupi mara nyingi hakuna kitu cha kuokoa. Ndani ya London na miji ya karibu, ambako watu wanagusisha karte ya benki kwenye mulango wa kituo, mutambo unahesabu kutoka mulango wa kuingia mpaka mulango wa kutoka. Anayetaka kugawa pale lazima ashuke, atoke, agusishe tena, na treni yake imekwenda. Uskochi, kampuni ya ScotRail iliondoa kabisa bei za msongamano kuanzia tarehe 1 mwezi wa kenda 2025. Kwa treni zake, ile hesabu ya saa tatu na nusu haina kazi tena.

Viti ni jambo lingine. Anayenunua tiketi tatu za Advance kwa treni moja anaweza kupewa viti vitatu mbalimbali, na akajikuta anabeba mizigo na mutoto kutoka behewa B mpaka behewa E pale Nottingham. Programu zingine zinajaribu kushika kiti kimoja, hazifaulu kila mara. Na kama safari imevunjika kabisa, kila tiketi inayorudishwa inaweza kukatwa ada yake, ada tatu badala ya moja. Zile za Advance pesa zake kwa kawaida hairudi. Kwa matanga ambayo tarehe yake bado inabadilika, kwa sababu mwili haujafika ao familia haijapatana, tiketi ya Off-Peak iliyogawanywa ni salama kuliko ya Advance iliyogawanywa, hata ikiwa inazidi kidogo.

Woga mukubwa wa watu ni kuchelewa. Treni ya kwanza ikichelewa na tiketi ya pili imefungwa kwa treni ya saa fulani, itakuwa namna gani? Masharti ya kusafiri yanaangalia tiketi zilizounganishwa kama safari moja. Musafiri aliyeacha muda wa kutosha wa kubadilisha treni, na akacheleweshwa na treni yenyewe, anaruhusiwa kuendelea na treni inayofuata. Muzuri aonyeshe tiketi zote kwa kontroleri mbele ya kupanda, asingojee kuulizwa. Na malipo ya kucheleweshwa, yanayoitwa Delay Repay, yanahesabiwa juu ya kuchelewa kufika mwisho wa safari. Kwenye kampuni nyingi yanaanza kwa dakika 15. Lazima kuomba ndani ya siku 28, kwa kampuni iliyosababisha, na kutuma tiketi zote pamoja. Anayetuma moja tu analipwa ya moja tu.

Nani anapata faida

Hapa kuko jambo ambalo haliko sawa. Mutu anayejua kingereza vizuri, mwenye simu nzuri na muda wa kukaa nayo, analipa kidogo. Mama muzee aliyefika kutoka kambi, ambaye anajua kusema “Norwich, tafazali” na basi, analipa bei nzima. Treni ni moja, na aliye na pesa kidogo ndiye anamulipia mwenzake. Watetezi wa wasafiri wamelalamika juu ya hali hii kwa miaka, na kampuni zenyewe mwaka 2018 zilikubali kwamba kitabu cha bei kinapashwa kuandikwa upya.

Kuko waliojaribu. Mwezi wa pili 2024, kampuni ya LNER, inayoenda London kutoka kaskazini-mashariki na Uskochi, iliondoa tiketi za Off-Peak kwenye safari za kati ya London na Newcastle, Berwick na Edinburgh. Mahali pake iliweka tiketi ingine inayomuachia musafiri dakika 70 mbele ao nyuma ya treni aliyochagua. Imerahisika, ni kweli. Lakini aliyezoea kupanda treni yoyote kisha msongamano, kwa bei inayojulikana, amepoteza hiyo, na siku ambayo watu ni wengi anaweza kujikuta na bei kubwa kuliko ile ya zamani. Kurahisisha na kupunguza ni maneno mawili mbalimbali, na mara nyingi wakubwa wa treni wanayasema kama ni moja.

Mwaka 2025, mwezi wa tatu, bei zinazolindwa na serikali zilipanda Uingereza kwa asilimia 4.6. Kisha serikali ikatangaza, mwezi wa kumi na moja, kwamba itazizuia zisipande mpaka mwezi wa tatu 2027, jambo ambalo halikuwa limefanyika kwa miaka 30. Hizo ni zile zinazolindwa. Zingine haziko ndani ya ahadi hiyo. Nafasi kati ya bei na bei haijafungwa.

Kwa yule mama asiye na programu kwenye simu, gishe bado ziko. Mwaka 2023 kulikuwa mupango wa kufunga gishe nyingi za Uingereza, watu wakapinga sana, na siku ya mwisho ya mwezi wa kumi mwaka ule serikali ikauacha. Muuzaji wa gishe anauza tiketi zilizogawanywa kama tiketi zingine zote, lakini mara nyingi hatazipendekeza mwenyewe. Ni musafiri anapashwa kuomba. Mutoto ao mpwa aliye Sheffield, Hull ao hata aliye Lubumbashi na intaneti, anaweza kutafuta vituo vya kugawia na kumutumia kwa simu. Mama anaandika karatasi moja ya kuonyesha gishe: majina ya vituo kwa mupangilio wake, kutoka cha kwanza mpaka cha mwisho, tarehe, saa ya treni, na idadi ya wakubwa na ya watoto. Kama iko na Railcard, aiweke juu ya karatasi hiyo.